Hans Peter Luhn, mtoto wa mchapishaji aliyefundisha mashine kutafuta

Chukua telefone yako, andika *#06# kama vile unataka kuita mtu. Papo hapo inatokea nimero ndefu ya tarakimu 15, na kama telefone ina nafasi mbili za kadi, zinatokea nimero mbili. Njo IMEI, kitambulisho cha telefone yenyewe. Huku kwetu wengi walilisikia jina hilo wakati wa ile RAM, malipo yaliyokatwa kwenye yuniti za watu kuanzia 2020 na ambayo yalileta makelele mengi mpaka yakafutwa 2022. Makelele yalikuwa juu ya feza. Nimero yenyewe ilipita hivi hivi.

Lakini angalia tarakimu ya mwisho, ile ya 15. Kiwanda hakiichagui kwa kupenda kwake. Inapatikana kwa hesabu, na hesabu hiyo ilitungwa na Mjerumani mmoja aliyekufa mwaka 1964, kabla ya telefone ya mkononi kuwa kitu cha kuuzwa sokoni. Anaitwa Hans Peter Luhn. Hesabu hiyohiyo iko kwenye kadi za banki karibu dunia nzima. Na siyo hapo tu. Kila mara kijana anayeandika programu, akiwa Bukavu, Bunia ao Nairobi, anatafuta neno moja ndani ya maelfu ya mistari ya msimbo, anatembea kwenye njia ambayo Luhn alisaidia kuifungua.

Alizaliwa tarehe 1 Julai 1896 huko Barmen, mji wa Ujerumani uliojulikana kwa vitambaa na nyuzi (leo ni sehemu ya mji wa Wuppertal). Ni mji uleule alimozaliwa Friedrich Engels, rafiki ya Karl Marx, ambaye baba yake alikuwa na viwanda vya nguo. Baba ya Luhn yeye alikuwa mchapishaji, na kijana alitumwa Uswisi, mjini St. Gallen, kujifunza kazi hiyohiyo ya baba. Wakati ule, katika kazi ya kuchapisha, herufi za madini zilikuwa bado zinapangwa pia moja moja kwa mkono. Mtu aliyekulia mahali pale anajua kwamba neno, kabla ya kuwa na maana, ni vipande vilivyopangwa. Sitasema kwamba hapo njo kila kitu kilianzia, lakini ukifuata maisha yake unaona hakuachana kamwe na wazo hilo.

Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta kijana, akatumika kama ofisa wa mawasiliano katika jeshi la Ujerumani. Kisha vita akaingia kwenye biashara ya vitambaa, na mwaka 1924 akavuka bahari kwenda Marekani kwa ajili ya kazi hiyo.

Kule alitengeneza chombo kidogo ambacho wauzaji wetu wa vitenge wangekipenda. Mtu anayenunua kitambaa kizuri anataka kujua nyuzi ni ngapi ndani ya inchi moja, maana nyuzi zikiwa chache kitambaa ni chepesi na hakidumu. Zamani mtu alikaa na kioo cha kukuza, anahesabu uzi kwa uzi mpaka macho yanauma. Luhn alichukua kipande chenye kupitisha mwanga, akakichora mistari. Ukikilaza juu ya kitambaa, mistari yake na nyuzi za kitambaa zinapishana na kutoa umbo linaloonekana wazi, na umbo hilo linaonyesha hesabu ya nyuzi. Huhesabu hata uzi mmoja. Alikiita Lunometer. Alikuwa pia na hataza nyingine za kila aina, hata koti la mvua la kukunjwa na chombo cha kuchagua vinywaji vya kuchanganya. Alifungua biro yake ya ushauri wa uinjinia, na kufikia mwisho wa maisha hataza zake zilipita 80.

Mwaka 1941 kampuni ya IBM ilimchukua kama injinia. Alikuwa na miaka 45, umri ambao wengi wanaanza kufikiria kupumzika.

Kazi ya kutafuta maandishi ilimjia kupitia wanakemia. Mwaka 1947 James Perry na Malcolm Dyson walikwenda IBM na shida yao: wanakemia walikuwa wanachapisha habari za dawa na vitu vipya kwa wingi, mpaka hakuna aliyeweza kusoma zote. Mtu angeweza kufanya jaribio kwa mwaka mzima, kumbe mwenzake alikwisha kulifanya na kuliandika. Habari ilikuwepo, lakini haikuonekana, na kwa yule aliyeitafuta hiyo ni sawa na kusema haipo. Luhn aliwatengenezea mashine iliyosoma kadi zenye matundu kwa kutumia mwanga, na tangu hapo swali hilo halikumwacha: namna gani mashine isiyoelewa kitu inaweza kumpatia mtu kile anachotafuta?

Jibu lake la kwanza kubwa lilikuwa la Januari 1953, katika waraka aliouandika kwa matumizi ya ndani ya IBM. Tuseme una nimero elfu kumi na unatafuta moja. Ukianza juu na kushuka mstari kwa mstari, utachoka. Luhn alisema: ipitishe nimero kwanza kwenye hesabu ndogo, na jibu la hesabu likuonyeshe ndoo ambamo utaiweka. Mfano wangu, siyo wake: jumlisha tarakimu zote, shika ya mwisho. Nimero 2315 inatoa 11, basi inakwenda kwenye ndoo ya 1. Siku unayoitafuta, unarudia hesabu ileile, unakwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya 1, na unaangalia vichache vilivyomo. Ndoo tisa zilizobaki huzigusi. Leo karibu kila luga ya kuandikia programu ina ndoo za namna hiyo ndani yake.

Mwaka uliofuata, tarehe 6 Januari 1954, aliomba hataza ya kile kifaa cha kuhakikisha nimero. Wakati ule hakikuwa programu. Kilikuwa chombo cha kushika mkononi, chenye magurudumu. Hataza ilitolewa Agosti 1960. Hesabu yake ni hii. Chukua 432. Anza kulia: 2 mara mbili ni 4, 3 inabaki 3, 4 mara mbili ni 8. (Ukizidisha na kupata zaidi ya 9, ondoa 9.) Jumla ni 15. Kufika kwenye 20 inabaki 5, basi tarakimu ya ulinzi ni 5 na nimero nzima inakuwa 4325. Sasa karani akiwa na usingizi akaandika 4235, hesabu inatoa 21, na 21 haigawanyiki kwa 10. Mashine inakataa palepale, kabla feza haijakwenda kwa mtu mwingine.

Kukosea tarakimu moja, hesabu hii inagundua kila mara. Kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili zinazofuatana, inagundua karibu zote, isipokuwa 09 ikigeuka 90 ao 90 ikigeuka 09. Lakini tusiipe kazi isiyo yake. Wengine sokoni wanakuambia kwamba telefone ni ya kweli kwa sababu IMEI imepita hesabu. Hapana. Mwizi naye anajua kujumlisha. Luhn alitunga dawa ya mkono unaoteleza, hakutunga kufuli ya kuzuia mwizi.

Kuanzia 1957 mpaka 1959 njo miaka yake tajiri zaidi. Alikuwa sasa anaongoza utafiti wa kutafuta habari pale IBM, na ordinatere zilikuwa zimeanza kuwa na nguvu. Mwaka 1958 aliandika namna ya kufanya ordinatere itoe muhtasari wa makala bila mtu kuisoma. Ilitumika ordinatere kubwa ya IBM 704. Mashine inakata maandishi neno kwa neno. Inatupa maneno ambayo yako kila mahali. Kwa Kiswahili tungesema ya, wa, na, kwa, katika. Kisha inahesabu yaliyobaki. Neno linalorudi mara nyingi linaonyesha makala inazungumza juu ya nini, na sentensi ambamo maneno hayo yamekusanyika karibu karibu njo inachaguliwa kuingia kwenye muhtasari.

Kuna hatua moja ndani ya makala hiyo ambayo wengi wanairuka, na kwangu njo tamu kuliko zote. Luhn aliona kwamba neno moja linavaa nguo tofauti. Kwa Kifaransa tungechukua chercher na chercheur. Mashine inaona maneno mawili, mtu anaona wazo moja. Basi akaweka kanuni: panga maneno kwa alfabeti, linganisha neno na lile linalofuata, herufi kwa herufi. Pale yanapoachana, hesabu herufi zilizobaki upande huu na upande ule, ujumlishe. Zikiwa sita ao chini, hesabu kwamba ni neno moja. Zikizidi sita, ni mawili. Chercher na chercheur yanaachana baada ya cherche: huku inabaki r, huku ur, jumla tatu. Yanapita. Hakuna kamusi, hakuna sarufi. Ni kama ile Lunometer yake: kulaza kitu juu ya kingine na kuangalia vinapopishana.

Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, wanasayansi wa inchi nyingi walikutana Washington kuzungumza juu ya shida ya habari za kisayansi, na hapo ikaonekana kazi yake nyingine, inayoitwa KWIC. Chukua kichwa cha makala kama hiki: Namna ya kulima mihogo kwenye udongo wa volkano. Mashine inakichapisha mara nne, mara moja kwa kila neno zito: kulima, mihogo, udongo, volkano. Kila mara neno hilo linasimama katikati ya ukurasa, na majirani wake wanabaki kushoto na kulia ili usome limetumika vipi. Yote yanapangwa kwa alfabeti. Anayetafuta mihogo anafika, anayetafuta volkano anafika. Kwa haki tuseme wazo la kupanga vitabu kwa maneno ya kichwa lilikuwepo; Andrea Crestadoro alilitumia kwenye maktaba ya Manchester mwaka 1864, na pale Washington hata Herbert Ohlman alikuja na liste ya namna hiyo. Lakini Luhn alikuwa na mashine za IBM nyuma yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanakemia wa Marekani walianza kutoa gazeti zima, Chemical Titles, kwa njia hiyo. Wale wanakemia wa 1947 walikuwa wamepata jibu.

Luhn alistaafu IBM mwaka 1961. Mwaka 1964 alikuwa rais wa chama cha Marekani cha wataalamu wa nyaraka. Alikufa tarehe 19 Agosti mwaka huo, Armonk, karibu na New York, akiwa na miaka 68.

Miezi mitano tu kabla ya kifo chake, Machi 1964, Fred Damerau, naye mtu wa IBM, alichapisha kazi iliyofuata njia hiyohiyo. Alichunguza makosa ya watu wanaoandika na kukuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ni ya aina nne: herufi moja imebadilika, moja imesahauliwa, moja imeongezeka, ao mbili zimepishana. Mwaka 1965 Mrusi Vladimir Levenshtein, bila kufuata Damerau, akatoa kipimo cha umbali kati ya maneno: ni mabadiliko mangapi yanahitajika ili neno hili ligeuke lile? Tofauti na kanuni ya sita ya Luhn, kipimo hiki kinakubali kosa popote, hata mwanzoni mwa neno.

Sisi wa mashariki ya Congo tunaujua umuhimu wake bila kufundishwa. Chibanda, Tshibanda, Cibanda: jina moja, ukilitamka mlangoni mtu yuleyule anaitika. Kwenye liste ya msaada, ya mtihani ao ya uchaguzi, ni watu watatu. Kati ya Chibanda na Cibanda umbali ni 1, kati ya Tshibanda na Chibanda ni 2. Mashine inayotafuta kwa herufi kamili itasema jina halipo, na mama atarudi nyumbani mikono mitupu. Hata Soundex, njia ya Wamarekani ya kutafuta majina kwa sauti, yenye hataza tangu 1918, inatuangusha hapa, maana inashika herufi ya kwanza jinsi ilivyo: Tshibanda inabaki kwenye T, wenzake kwenye C.

Waandishi wa programu wana shida ileile kila siku, na kwao ni kazi inayosimama ao kosa lisilopatikana. Programu kubwa inaandikwa na mikono mingi kwa miaka mingi. Mmoja aliandika tafutaMteja, mwingine tafuta_mteja, wa tatu TafutaMtejaMpya. Ukiuliza mashine neno tafuta mteja, na nafasi katikati, inajibu kwamba hakuna. Dawa inaanza kwa Luhn: kukata vipande. Tofauti ni kwamba msimbo haukatwi kwenye nafasi peke yake. Unakatwa pia pale herufi kubwa inapoanza na pale mstari wa chini unapotokea, kisha herufi zote zinafanywa ndogo. Yote matatu yanatoa tafuta na mteja, na yote matatu yanaonekana.

Kutupa maneno ya kawaida nako kunahitaji akili. Kwenye msimbo, maneno kama if, for na return yako kila mahali kama vile ya na wa, hayasaidii kutafuta. Ila Luhn, kwenye muhtasari wake, aliweka kando pia maneno ambayo ni nadra sana, na hapo msimbo unamkatalia. Jina linalotokea mara mbili tu ndani ya programu nzima mara nyingi njo lile unalolitafuta. Mwanamke wa Uingereza, Karen Spärck Jones, njo aliyenyoosha jambo hili mwaka 1972: neno likipatikana kwenye maandishi machache, lipewe uzito zaidi.

Kisha kuna makosa ya luga. Kijana aliyesoma Kifaransa anaandika adresse, mwenzake aliyesoma kwa Kiingereza anaandika address. Umbali ni 2. Ndoo za Luhn hapa hazisaidii, kwa sababu ukibadilisha herufi moja tu, hesabu inakutuma kwenye ndoo nyingine kabisa. Basi watu wakakata tena, vipande vya herufi tatu tatu, na kila kipande kikapata ndoo yake. Adresse inatoa adr, dre, res, ess, sse. Address inatoa add, ddr, dre, res, ess. Vitatu vinafanana. Mashine inachukua kwanza yale yanayoshirikiana vipande vingi, kisha inapima umbali wa machache hayo tu. Vipande vya herufi tatu njo vilitumiwa na Google kwenye huduma yake ya kutafuta msimbo iliyofunguliwa 2006, kama Russ Cox, aliyeitengeneza, alivyoeleza mwaka 2012.

Huruma hiyo kwa makosa lazima iwe na mpaka. Max na min yana umbali wa 2 tu, na ni kinyume kabisa: moja ni kikubwa zaidi, moja ni kidogo zaidi. Kwa kanuni ya sita ya Luhn yangehesabiwa neno moja, maana baada ya m zinabaki herufi nne. Mtu aliyetafuta max akapewa min amedanganywa na mashine yake. Ndiyo sababu programu ya utafutaji Elasticsearch ina mpango unaofuata urefu wa neno: herufi moja ao mbili, hakuna kosa linalokubaliwa, tatu mpaka tano, kosa moja, kuanzia sita, makosa mawili.

Kwa Kiswahili kanuni ya Luhn inagonga ukuta mwingine. Alifikiria luga ambamo maneno yanabadilika mkiani. Letu linabadilika kwenye kichwa. Natafuta na tunatafuta yanaachana kwenye herufi ya kwanza kabisa, na hesabu yake inatoa 18, mbali sana na sita. Lakini yageuze, uyasome kutoka mwisho kwenda mwanzo, uyapange kwa alfabeti hivyo hivyo, na utaona yanakwenda pamoja herufi nane nzima kabla ya kuachana, na zinazobaki ni mbili tu.